Mbwa Aliyekuwa na Mwenyewe

Mama alipofariki, kijijini kwetu Butiama, tulibaki watoto wawili, nyumba ya bati, migomba na mbwa. Nyumba na migomba vilipata wa kuviangalia siku ile ile ya kuanua matanga, kwani tuna binamu aliyekuwa akivitamani kwa muda mrefu na hakuona haya kusema. Mbwa hakutamaniwa na mtu. Siku zote za msiba alilala mlangoni, waombolezaji wakimruka kwa viatu vyao vya kanisani, na kila aliyemruka alisema maneno yale yale: huyu naye kafiwa. Nilimwangalia nikaona kweli, yeye alikuwa na sura ya kufiwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nimeshika soda ya moto, napokea pole kama karani wa dirishani anayepokea fomu.

Hospitalini Musoma, siku zake za mwisho, mama alizungumza machache. Mambo ya shamba hakuyagusa. Mambo ya Mungu alikuwa ameshayamaliza na padri. Kuhusu mbwa alisema, "Yule msimuue. Mtafutieni watu." Kisha akaomba tumgeuze upande wa pili. Hayo ndiyo yaliyokuwa maagizo yake yote kwa mtoto aliyemsomesha mpaka shahada ya pili.

Haikuwa hofu ya bure. Huku kwetu, mwenye boma akifa, mbwa wake huanza kuzurura. Mbwa anayezurura hula mayai ya jirani, na mbwa anayekula mayai ya jirani hawekewi kikao. Dada yangu, ambaye anaishi Mwanza na hapendi mambo yanayoning'inia, alinivuta pembeni ya turubai.

"Kaka, hapa ni kumwita bwana mifugo tu. Sindano moja."

"Mama alisema asiuawe."

"Mama alisema pia uoe tena."

Nikamwambia mbwa nitamshughulikia mimi. Dada akanichungulia macho. "Umelia lakini?" akauliza.

"Bado."

"Kaka, kulia si kodi, kwamba utalipa mwezi ujao."

Kumchukua mimi mwenyewe haikuwezekana, au ndivyo nilivyojiambia. Naishi Musoma, nimepanga. Mwenye nyumba wangu anaruhusu kuku, anaruhusu redio, anaruhusu hata mpangaji wa chumba cha mbele anayesali kwa kipaza sauti, ila mbwa hataki. Ukweli ni kwamba hata angekubali nisingemtaka. Naandika makala magazetini na kufundisha vipindi viwili vitatu chuoni. Kwa kifupi, naishi kwa kueleza mambo kwa watu ambao hawakuniuliza. Mke wangu wa zamani yuko Dodoma na anaendelea vizuri. Kiumbe kingine chenye njaa nyumbani sikukihitaji.

Ni jirani wa mama aliyenieleza kwamba Bunda, njia ya kwenda Nyamuswa, kuna mwalimu mstaafu anayekusanya mbwa. "Anawaogesha," alisema, kwa sauti ya mtu anayesimulia uchawi. "Anawachoma sindano ya kichaa, anawalisha, halafu anawatafutia watu. Watu wanamchangia. Wazungu, waumini, hata wenye bucha."

Kumtafutia watu. Maneno yalikuwa yale yale ya mama, nikaona kazi yangu imekwisha kabla sijaianza.

Nilikodi Probox. Dereva aliangalia kamba mkononi mwangu, akaifuata kwa macho mpaka kwa mbwa.

"Huyo naye analipa."

"Mbwa analipa?"

"Anakaa kama mtu, analipa kama mtu. Tena yeye anamwaga manyoya, mura. Wewe unamwaga nini?"

Njia nzima mbwa alikaa wima dirishani akitazama mashamba, na dereva alimsalimia mara nyingi kuliko alivyonisalimia mimi.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uwanja mpana uliozungushiwa wavu, na vibanda vya mabati. Kibao cha barabarani kiliandikwa maneno marefu kuhusu hifadhi na ustawi wa wanyama. Watu wa Bunda wamekifupisha, wanapaita bweni la mbwa. Jiko la zamani lilikuwa la paka. Kwenye kivuli cha ukuta alisimama punda mwenye kidonda mgongoni kilichopakwa dawa ya zambarau, akiwa na sura ya kutotegemea lolote kutoka kwa yeyote. Nilimpenda punda yule mara moja, kama ni kupenda.

Mwalimu alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Maisha yake yote alifundisha sayansi kimu, na bado anawatazama watu kama wanaotaka kuunguza keki. Hakunipa karatasi yoyote ya kujaza. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, mama alizikwa lini, na mbwa anakulaga nini. Nikajibu. Kisha nikamkabidhi mfuko: unga, sukari, sabuni ya mche, majani ya chai. Huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, na zaidi ya hapo sikuwa nimefikiri.

Aliutazama mfuko, akanitazama mimi. "Haya, baba. Nimempokea. Utakuja kumwona?"

"Nitakuja," nilisema, kama tunavyosema sote.

Ajabu ni kwamba nilikwenda. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kwenda Butiama kwa mama. Miaka mingi nilitoka asubuhi, nikapita duka la mama mmoja karibu na stendi ya Musoma, naye alikuwa ameshanifungia vitu vya kupeleka, vile vile siku zote, bila kuuliza. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga miguu ilinipeleka dukani, na mama yule, ambaye hakuwa na habari, alinipa mfuko. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Kueleza kungechukua muda, kungeleta pole, pole ingeleta kiti. Nikaushika mfuko nikasimama stendi, na kwa kuwa wa kumpelekea hakuwepo, nikapanda gari la Bunda. Unga, sukari, sabuni ya mche, majani ya chai. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na zilizofuata.

Kazi za kituo haziruhusu mtu kusimama akitafakari. Kuna kung'oa kupe, kazi inayofaa sana kwa mtu asiyetaka kuzungumza. Kuna kufagia. Kuna kupika. Chakula cha mbwa kilikuwa dona iliyosongwa pamoja na mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani minofu ikishakatwa, kichwa na uti wa mgongo. Mapanki yalikuwa mchango wa mchuuzi mmoja wa Musoma, na yalikuwa na siasa yake, maana nayo ni kitoweo cha watu. Mwalimu alichukua yale tu yaliyokwisha kuharibika kiasi cha kumtisha binadamu. Mvuvi mmoja wa kisiwa cha Rukuba, ambaye paka wa kituo alikwenda kummalizia panya kambini kwake, alituma magunia ya dagaa wenye mchanga kila boti ilipopata nafasi. Wanawake wa kanisa walileta makoko ya ubwabwa wa harusi.

Halafu palikuwa na fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Ni Mwislamu, mbwa hamgusi, na ndiye aliyeshona mikanda ya shingo ya mbwa wote kwa mabaki ya turubai. Alipima kwa macho tu, akiwa upande wake wa wavu, kisha akauleta mkanda ukining'inia kwenye ncha ya fimbo.

"Mvalishe yule wa kahawia. Mwambie asinirambe."

"Mwambie mwenyewe, fundi."

"Mimi na yeye hatujafikia hapo."

Mwalimu aliposikia naandika magazetini alinipa simu yake. "Basi hebu washukuru hawa." Nikawa mwandishi wa shukrani. Niliwashukuru wenye bucha kwa niaba ya mbwa, waumini kwa niaba ya paka, na kundi la marafiki wa ng'ambo kwa niaba ya punda. Nadhani ndiyo maandishi yangu yaliyosomwa na watu wengi kuliko yote, na hakuna mhariri aliyeyapunguza. Mama mmoja wa ng'ambo aliomba picha ya mbwa akitabasamu. Tulijaribu asubuhi nzima. Mbwa wa Mara hatabasamu, hajaajiriwa kwa hilo. Mwishowe tulimtumia picha ya mmoja akipiga mwayo, akafurahi.

Watu walikuja kutafuta mbwa: wafugaji, wenye maduka, walinzi wa maghala ya pamba. Wengi walikuja Jumamosi, kwa hiyo niliwaona. Na niliona jambo moja lililojirudia. Mtu alizunguka vibanda, akafika kwa mbwa wa mama, akasimama. Akachuchumaa. Mwalimu akamsogelea, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Yule mtu akatikisa kichwa kwa huruma, akainuka, akachagua mwingine. Sikuhitaji kusikia kilichosemwa. Mbwa alikuwa mtu mzima, mdomo umeanza mvi, mguu wa nyuma aliuburuta kidogo asubuhi za baridi. Niliona mwalimu ni mwaminifu, anawaeleza watu ukweli, na watu hawataki mbwa mzee. Nilielewa. Hata mimi nisingejichagua.

Hivyo mbwa alibaki, nami nikawa namkuta kila Jumamosi palepale. Akiniona alisimama, akaninusa mkono wenye mfuko, akarudi kulala. Ulikuwa uhusiano mzuri, hakuna aliyemdai mwenzake kitu. Dada alipiga simu: "Amepata watu?" Nikamjibu kwamba bado. "Na wewe, umelia?" Nikasema nina kazi ya kusahihisha mitihani.

Kisha marafiki wa ng'ambo wakaandika barua pepe ndefu yenye upole mwingi. Walikuwa wamehamishia huruma yao kwa tembo wa nchi nyingine. Mwalimu alinifanya niisome mara mbili, akaenda kusugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

Daktari wa mifugo aliyekuwa akija kuchanja bila malipo alisema wazi kwamba kwa michango iliyobaki kituo hakiwezi kulisha wote mpaka mvua za vuli. Wapunguzwe. Watangazwe makanisani, mnadani, kwenye vikundi vya simu. Watu waje wachukue. Na wale wazee ambao hakuna anayewataka, yeye atakuja mwisho wa mwezi na sindano zake, hawatasikia kitu.

Mwalimu alikubali bila kubisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na ndoo. Niliangalia upande wa mbwa wa mama. Nilijua namba yake imefika. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wale wote waliochuchumaa mbele yake wakainuka. Nikangoja kitu kinipande kifuani: hasira, au aibu, au yale machozi ambayo dada alikuwa akiyafuatilia kama mkopo. Hakikupanda kitu. Niliona tu kwamba ndoo inavuja na kwamba maji yameingia kwenye kiatu.

Nitasema nililofikiri, maana makala kama hii haina faida nikijipamba. Nilifikiri: maagizo yalikuwa mawili, asiuawe na atafutiwe watu, na yote mawili nimeshindwa kwa njia ya heshima, mbele ya daktari. Nikaanza hata kutunga kichwani jinsi nitakavyomweleza dada.

Jumamosi ya mwisho kabla ya daktari, uwanja ulijaa watu. Matangazo yalikuwa yamefanya kazi. Mbwa wachanga waliondoka kabla ya saa nne, wamebebwa kwenye matenga na mabegi ya shule. Mimi nilikuwa kwenye mafiga, nasonga dona ya mapanki, moshi wote umenichagua.

Ndipo akaingia mwanamke mmoja wa makamo, buti za mvua miguuni, kamba mpya begani. Alikuwa ametoka Bugwema kwa bodaboda na vumbi lilikuwa limempaka rangi moja kuanzia nyusi.

"Nataka mbwa," alisema kabla ya salamu, kisha akasalimia. "Fisi ananimalizia mbuzi. Mume wangu yuko machimboni, mimi nalala na mwanga wa tochi kama mwizi."

"Mbwa wa namna gani, mama?" mwalimu akauliza.

"Anayelala na sikio moja wazi. Mzuri sitaki."

Akaanza kuwajaribu. Alipita mbele ya kila kibanda, akainama ghafla kama anayeokota jiwe, akainua mkono. Wengine walikimbia. Wengine walibweka wakirudi nyuma. Mbwa wa mama hakuinuka. Aliinua kichwa tu, akautazama ule mkono, akaendelea kuutazama mpaka mwanamke akaushusha mwenyewe.

"Huyu."

"Huyo hapana," alisema mwalimu, kwa ile sauti ya chini niliyoizoea kwa mbali. Safari hii upepo ulikuwa upande wangu. "Huyo ana mwenyewe."

"Mwalimu, mmetangaza mpaka kanisani kwamba hawana wenyewe. Ndiyo maana ya bweni lako."

"Wengine hawana. Huyo anaye."

"Yuko wapi?"

Mwalimu akanionyesha kwa midomo. Mwanamke akageuka. Fundi, upande wake wa wavu, akageuka. Mimi nikageuka nyuma yangu kuona ni nani.

"Mimi?"

"Si ndiwe uliyemleta?"

"Nilimleta ili apate watu, mwalimu!"

"Hukusema hivyo."

"Sasa mtu analeta mbwa hapa kwa sababu gani nyingine?"

Mwalimu alishika kiuno. "Wanaotupa mbwa mimi nawajua, baba. Wanaingiza gia kabla mlango wa gari haujafungwa. Wewe ulikuja na unga na sukari. Jumamosi nyingine, unga na sukari. Umefiwa na mama yako, unakuja kila juma kumwangalia mbwa wake, na sabuni mkononi. Nikuulize nini tena?"

"Ile sukari ilikuwa mchango."

Kisha fundi akaanza kucheka, akashikilia wavu, akakumbuka kuna mbwa upande wa pili, akauachia. "Mchango! Mwalimu, kumbe sisi tumekunywa chai ya mchango miezi yote hii, tunasema Mungu ambariki mwenye mbwa!"

Kwa asiyetoka huku nieleze. Mtu wa Mara mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Anawapeleka baadhi kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au wezi wakija wasimwishie. Yule rafiki atakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe na ndama ni wa mwenyewe, na mlezi hawezi kumtoa kwa mtu hata akiombwa na mkuu wa wilaya. Mwenyewe naye ana wajibu mmoja: kuja kuwaangalia mara kwa mara, na haji mikono mitupu. Babu yangu alikuwa na ng'ombe Nyamuswa kwa mtindo huo. Nilikwenda naye nikiwa mdogo, tukiwa na sukari. Desturi hii nimewahi kuieleza kwa wageni wa chuo, kwa Kiingereza, nikitumia ubao. Haikunijia kwamba naitimiza kila Jumamosi, kwa ukamilifu, kwa mbwa.

"Ni wangapi wamemtaka?" niliuliza.

"Wengi. Polisi mmoja alimtaka sana. Mwenye ghala la pamba alirudi mara tatu. Nikawaambia, huyo ana mwenyewe, amefiwa, msimsumbue."

"Na daktari, mwisho wa mwezi?"

Alinitazama kama nimeunguza keki. "Mbwa wa mtu nitamuuaje?"

Kwa hiyo nusu ya Bunda ilikuwa inajua kwamba nimefiwa na kwamba nisisumbuliwe, na mimi mwenyewe nilikuwa sijapata habari. Nilirudi kwenye sufuria. Dona ilikuwa imeanza kushika chini. Niliigeuza.

Mwanamke wa Bugwema alikuwa bado amesimama, kamba begani. "Basi mwenyewe si ndiye huyu? Baba, mimi sina muda. Nipe mbwa."

"Mchukue, mama."

"Nimchukue tu hivi?"

"Ndiyo. Mchukue kabisa."

Uso ukambadilika. "Mimi siokoti mbwa wa watu kama kiatu cha barabarani. Twende uone anakokwenda."

Mwalimu aliafiki, fundi aliafiki, na punda, kama kawaida yake, hakuwa na maoni. Nilikodi tena Probox, na mbwa akakaa tena dirishani.

Kwa yule mwanamke kulikuwa na nyumba mbili za nyasi na moja ya bati, ghala la nafaka lililoinuliwa juu ya magogo, na zizi la miba lililotobolewa upande mmoja. Alinionyesha tundu, na nyayo za fisi zilizokauka kwenye tope, na jiwe lenye damu nyeusi. Mbuzi waliosalia walikuwa wamejikusanya kwenye kona kama abiria waliosikia habari mbaya. Mbwa alinusa tundu kwa muda mrefu. Manyoya ya shingo yakasimama. Kisha akazunguka zizi lote akiuburuta mguu, akakojoa kwenye kila nguzo, akalala mbele ya tundu.

"Ameshaanza kazi," alisema mwanamke, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Aliita jirani, mzee mfupi mwenye kofia ya pama, awe shahidi. Tukaletewa ugali wa mtama na muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga. Tulipokwisha kunawa, mzee akaniambia, "Haya, sema."

Nimezungumza mbele ya maprofesa. Nikasimama. "Mbwa huyu alikuwa wa mama yangu," nilisema. "Mama amefariki. Kuanzia leo ni wa huyu mama hapa, moja kwa moja."

"Hapana," alisema mzee.

"Hapana nini?"

"Umesema vibaya. Sema ni mbwa wako, na yuko kwa huyu mama."

"Lakini mimi nampa kabisa. Sitaki kitu."

"Akizaa je?"

"Ni dume, mzee."

"Dume nalo linazaa, ila kwa jirani," alisema mzee, na mwanamke akampiga bega kwa kitambaa cha kunawia. Kisha akanigeukia mimi, na hakuwa anacheka.

"Baba, ukinipa kabisa, siku akifa nitamwambia nani?"

Nilikuwa bado nimesimama. Mbuzi mmoja alikohoa. Niliona mkono wangu umeshika ukingo wa ghala, na kwamba umeushika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, lakini zaidi ya hapo siwezi kusema kilikuwa ni nini. Kifua kilikuwa kimya kama siku zote za miezi ile.

"Atamwambia nani?" mzee akarudia taratibu, kana kwamba swali lilikuwa la kwangu kujibu.

Nikasema upya. Nikasema mbwa ni wangu, ameachwa na mama yangu, na nimemleta alale kwa huyu mama wa Bugwema, amlindie mbuzi, ale anachokula yeye. Akiugua niambiwe. Akifa niambiwe. Mzee alitikisa kofia kwa kila sentensi. Mbwa hakutikisa kitu. Mwanamke aliifungua ile kamba mpya shingoni mwa mbwa, akaikunja, akaiweka juu ya ghala, hakuihitaji tena.

Dereva alikuwa anapiga honi. Mwanamke na yule mzee walinisindikiza hadi kwenye gari, mwanamke akaniuliza, "Sasa utakuja lini kumwona?"

Sikutaka kuahidi. Ahadi ni jambo la mtu anayejua atakavyoamka kesho. Nikatafuta kauli ya kikulima, ya mbali kidogo, yenye heshima. "Baada ya mavuno," nilisema.

"Mavuno ya nini?"

Niliangalia shamba. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa, mabua tu. Mahindi nayo yamekwisha. Palikuwa na kitu cha kijani kilichobaki, kirefu, hadi bondeni.

"Ya mihogo."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamtoka, akainama kuiokota, akacheka tena huko huko chini.

"Mihogo haisubiri mavuno, baba," alisema mwanamke. "Tunang'oa siku yoyote tukisikia njaa."

Nikamwambia ndiyo, nalijua hilo.